Shahidi wa Upande wa Baba

Aleer aliinua vidole vitatu, akavishika hewani ili wapiga picha wavipate vizuri, kisha akanigeukia. Nikasema kwa Kiswahili kwamba serikali husimama juu ya mihimili mitatu: bunge linalotunga sheria, mawaziri wanaozitekeleza, na mahakama inayoamua nani amezivunja. Ukumbi ule wa Sherikat, pembeni mwa Juba, ulikuwa mabati juu na mabati ubavuni, na watu waliojaa kwenye viti vya plastiki walikuwa wakijipepea kwa vijitabu vya katiba tulivyowagawia asubuhi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiona katiba ile ikiifanya vizuri.

Mwanamke mmoja wa nyuma akasimama, mtoto mgongoni.

“Mwalimu, nyumba ya nguzo tatu inasimama namna gani? Hata choo yangu iko na nguzo nne.”

Watu wakacheka. Aleer akaniuliza kwa Kiingereza mama yule amesema nini. Nikamwambia anauliza juu ya uhuru wa mahakama, naye akafurahi, akajibu mpaka chai ya mapumziko ikapoa.

Huo ulikuwa mwaka 2024, mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi wenyewe haukuja, lakini semina zake zilikuja zote, na vikofia vyake, na fulana zake, na soda zake. Aleer alikuwa mkufunzi wa elimu ya uraia, nami nilikuwa mkalimani wake, kwa sababu waliohudhuria wengi walikuwa wamerudi kutoka kambi za Kenya na Uganda, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ukweli ni kwamba hakunihitaji. Miaka yote ya vita aliishi Nairobi, katika ofisi yenye zulia, akipigania uhuru kwa simu, na Kiswahili anakijua. Ila alikiona ni lugha ya kununulia nyama. Mtu wa cheo chake alipaswa kutafsiriwa.

Alikuwa baba yangu mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja. Mbele ya wafadhili alinishika bega na kunitambulisha kama mtoto wa marehemu kaka yake, shujaa wa ukombozi. Halafu alishika kipaza sauti na kusema mstari alioupenda kuliko yote, kwamba mwananchi ndiye mwenye nchi. Niliutafsiri mara nyingi mpaka nikauchukia. Mimi sikuwa na karatasi hata moja iliyosema ni mwananchi wa mahali popote.

*

Nafundisha historia na uraia katika shule moja ya Buluk, mtaa mwingine wa Juba, kwa hiyo historia ya Sudan Kusini naijua namna inavyotakiwa kusemwa. Vita. Mkataba wa amani wa 2005. Kura ya maoni ya Januari 2011, na uhuru Julai mwaka huo huo. Hadi hapo tarehe zinakaa vizuri ubaoni. Baada ya hapo ubao huanza kunitia aibu mbele ya wanafunzi.

Chukua Yirol, alikozaliwa baba. Tulipopata uhuru, Yirol ilikuwa katika jimbo la Lakes. Mwaka 2015 ikasomwa amri, majimbo kumi yakawa ishirini na nane, na Yirol ikaamka makao makuu ya jimbo jipya la Eastern Lakes. Baadaye yakawa thelathini na mawili. Mwaka 2020 yakarudi kumi, na Yirol ikarudi ilikotoka. Katika kuhama kote huko hakuna ng'ombe hata mmoja aliyesogea. Waliosogea ni akina Aleer. Kila jimbo jipya lilitaka gavana, mawaziri, makamishna na madereva wao, na kila lilipofutwa, watu wale wale walihitaji kufutwa machozi kwa kazi nyingine. Aleer aliwahi kuwa kamishna wa wilaya ambayo leo haipo kwenye ramani yoyote. Bado tunatakiwa kumwita Mheshimiwa kwa sababu yake.

Mama yangu anaitwa Sanyu, Muganda wa Masaka. Alikutana na baba, Kuany, mjini Kampala, baba alipopelekwa huko kutibiwa mguu uliovunjwa na risasi. Walifunga ndoa mbele ya padri. Mwaka 2006 wakahamia Juba wakiwa na mimi, na Mama akaweka cherehani chini ya kibanda Buluk. Kuelekea siku ya uhuru alishona bendera mpaka vidole vikamvimba. Nyota ndiyo iliyomtesa. Ikipinda kidogo aliifumua na kuanza upya, huku wateja wakigombana foleni. Watu wa Juba waliinunua nchi yao kutoka mikononi mwa Muganda, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza uraia.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Mazishini walisema amekufa shujaa. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, katika wodi ambayo hata glavu za daktari tulinunua sisi. Mwisho wa 2013 vita vikaanza tena, safari hii tukipigana wenyewe kwa wenyewe bila wa kumsingizia, na Mama akanipeleka shule ya bweni Eldoret. Huko nilikipata Kiswahili hiki. Niliporudi nilikuwa mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu, na nchi bado ilikuwa kwenye kipindi cha mpito. Hadi leo iko huko.

*

Cheti cha uraia sisi tunakiita jinsia, kwa Kiarabu cha Juba. Bila jinsia hupati namba ya ualimu, huandikishwi kupiga kura, na polisi wa barabarani akikuuliza wewe ni wa wapi, jibu lolote utakalotoa ni kosa. Mkuu wetu wa shule alinivumilia kwa muda mrefu. Mwaka ule wa semina akapata barua kutoka juu, akaniita ofisini akiwa hanitazami usoni. Alisema nilete jinsia kabla muhula haujaisha, ama nihesabiwe mgeni, na mgeni haruhusiwi kufundisha uraia.

Sikucheka. Kazi ile nilikuwa naipenda, na bado naipenda. Lakini haikuwa kazi tu. Nilikuwa mtoto wa Kuany tangu nizaliwe; sikuona kwa nini nifukuzwe katika jina la baba yangu na karani.

Nikaanza kuzunguka. Hospitalini nilielekezwa kwenye dirisha la kukadiria umri. Mama anajua siku niliyozaliwa, ilikuwa Jumapili ya Matawi na mvua ilikuwa inanyesha, lakini kwa daktari hayo ni masimulizi. Alinitazama meno na viganja, akaandika tarehe mosi Januari. Nusu ya nchi hii imezaliwa tarehe mosi Januari. Nikapimwa damu, nikapiga picha, nikafika ofisi ya uraia, kwenye meza ya afisa mmoja wa makamo, Natalina, aliyekulia kambini Uganda na aliyekuwa na Kiswahili kama cha Mama.

“Baba iko wapi?”

“Amefariki.”

“Malesh. Pole. Ndugu ya baba?”

“Yupo.”

“Akuje mwenyewe, aseme mbele yangu wewe ni damu yao. Bila mtu ya upande ya baba, mafi jinsia, hakuna.”

Nilimwonyesha cheti cha ndoa ya wazazi wangu. Akasema hicho ni cha padri wa Uganda. Nikafungua kijitabu cha katiba, kile kile nilichokuwa nagawa Sherikat, nikamsomea kwamba yeyote aliyezaliwa na mama au baba wa Sudan Kusini ana haki ya uraia, haki isiyoondolewa. Natalina alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono juu ya meza.

“Iko vizuri sana,” alisema. “Sasa hiyo katiba inaweza kukuja hapa kuweka dole gumba?”

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amechoka kusomewa.

*

Kwa hiyo nikaenda Hai Mauna, nyumbani kwa Aleer. Uani kwake kulikuwa na makochi ya velveti yaliyofunikwa nailoni, juani, kwa sababu sebuleni yalikuwa yamejaa mengine. Ukutani kulikuwa na picha zake na watu wakubwa, na katika kila picha alikuwa amejisogeza mpaka bega lake likagusa la mkubwa. Nilimwita Amu, kama tunavyowaita baba wadogo hapa Juba, nikamweleza shida yangu. Nyumbani alizungumza Kiswahili chake cha Nairobi bila taabu yoyote.

“Adit, mimi sikatai. Damu ni damu. Lakini kuna kitu ilivunjwa mbele ya watu, na lazima irudishwe mbele ya watu.”

“Kitu gani, Amu?”

“Uliza mamako. Mwambie akuje Jumapili, familia yote itakuwa hapa. Atusalimie vile alitusalimia ile siku ya matanga. Basi. Jumatatu asubuhi niko na wewe kwa ofisi.”

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, kana kwamba ananisomea haki zangu. Nilirudi nyumbani kwetu Sherikat nikiwa na hasira. Nilijua siku anayoizungumzia. Nilikuwepo.

Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya baba. Wazee wa ukoo walikuja, wakachinja, wakakaa, na baada ya kula wakafungua suala la mjane. Kwa Wajieng, watu wa baba, ambao wengine huwaita Wadinka, ndugu wa marehemu humchukua mjane na kumwongezea marehemu watoto kwa jina lake. Kufa kufaana. Aliyependekezwa alikuwa Aleer, aliyeketi mbele kabisa na suti ya kijivu. Maneno yalisemwa kwa Kijieng kizito cha wazee, na Mama wakati huo alijua Kijieng cha sokoni tu. Alichoelewa ni kwamba wageni wametajwa na kila mtu anamtazama. Alifikiri wanangoja awasalimie.

Muganda aliyelelewa vizuri husalimu kwa magoti. Si magoti ya haraka ya kuweka sahani na kuondoka. Huketi juu ya visigino, hukunja mikono, na salamu zenyewe hazina mwisho: umelalaje, walioko nyumbani, kazi, asante kwa kazi, na tena asante. Mama alianza na aliyekuwa karibu naye zaidi, na aliyekuwa karibu ni Aleer. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, mikononi ana birika la maji, akamsalimu kwa utulivu wote wa kwao Masaka.

Wazee waliona mjane aliyeulizwa swali, na mjane aliyejibu kwa magoti. Hata kabla hajainuka kuwaendea wengine, shangazi mmoja alipiga kigelegele. Wote wakasimama kupongezana. Mama alidhani wanamsifu kwa adabu, akatabasamu. Sijawahi kumwona ametabasamu kwa bei ghali kiasi kile.

Jioni Aleer akaja na begi lake na fimbo, akaviweka chumbani kwa baba. Mama alivitazama. Akaniuliza maana yake, nikamweleza, nikiwa msichana wa shule ninayeona haya kuyatamka mambo yale kwa mama yangu mzazi. Hakupiga kelele. Alivibeba begi na fimbo, akavuka ua uliojaa watu waliokuwa bado wanakunywa, akaviweka nje ya geti, akafuta mikono kwenye kanga. Kwa muda mrefu baada ya hapo mji wote ulimjua Aleer kwa kisa hicho, na jina la Mheshimiwa lilikuja baadaye kujaribu kukifunika.

*

Nilitaka Mama asiende. Nilimkuta ameinama kwenye cherehani, nikamwambia niko radhi kufukuzwa shule, niko radhi kuwa mgeni mpaka kufa, lakini yeye asimpigie magoti mwanaume yule. Nilikuwa karibu kulia. Mama alikata uzi kwa meno.

“Adit, mimi magoti napiga kila siku. Yule ya makaa akikuja, napiga. Yule ya maji, napiga. Padiri, napiga. Huyu naye anataka?” Akageuza kitambaa. “Apewe.”

“Yeye anaiona ni kitu kingine, Mama.”

“Hiyo ni shida ya macho yake.”

Jumapili alivaa gomesi yake ya zambarau, yenye mabega yaliyochongoka na mshipi wa kung'aa, ile ya harusi na mazishi. Nilitembea nyuma yake nikiwa nimeuma meno. Hai Mauna ua ulikuwa umejaa. Wazee kadhaa wa ukoo, mchungaji, wake wa ndugu, na jirani mwenye duka la jumla, Bille, Msomali wa Garissa ambaye alikuwa amemkopesha Aleer mchele wa sherehe na akaalikwa kwa sababu hiyo. Dereva wa Aleer, Tombe, alikuwa pembeni kwenye kivuli cha gari na sahani yake. Aleer alikuwa kwenye kochi kubwa, ameachia nafasi pana mbele ya miguu yake. Hata zulia alikuwa ametandika.

Mama akaenda moja kwa moja, akapiga magoti. Akamsalimu. Umelalaje, walioko nyumbani, kazi, asante kwa kazi. Yeye alijibu polepole, kichwa akikizungusha kidogo kidogo kuhakikisha kila jicho limefika. Mzee mmoja aliitikia kwa koo. Nilitazama chini. Nilimchukia kiasi kwamba niliogopa wataona.

Mama akainuka. Akakung'uta gomesi, akahamia kwa mzee wa pili, akapiga magoti, akaanza upya: umelalaje, walioko nyumbani, kazi, asante kwa kazi. Hakuruka neno. Kisha wa tatu. Kisha mchungaji. Alipofika kwa Bille, Bille aliruka kitini, karibu amwage chai.

“Mama, astaghfirullahi, inuka, mimi ni mtoto wako.”

“Kaa, mwanangu. Kazi namna gani?”

Akamsalimu mpaka mwisho. Akaenda kwa wake wa ndugu, mmoja mmoja. Akaenda jikoni kwa msichana aliyekuwa anageuza ugali, na msichana naye akapiga magoti asijue afanye nini, wakasalimiana wakiwa chini wote wawili. Akatoka akamwendea Tombe, ambaye mdomo ulikuwa umejaa nyama. Mwishowe akavuka ua wote hadi getini, akapiga magoti mbele ya askari wa zamu, na yule kijana akaweka bunduki yake chini taratibu ili aitikie kwa mikono mitupu. Magoti yale yale, muda ule ule, asante ile ile. Hakumpa mtu yeyote zaidi ya alichompa Aleer, wala pungufu.

Shangazi yule yule wa kigelegele, sasa hana meno, ndiye aliyeanza kucheka. Alijifunika uso kwa shuka. Kicheko kikapita kwa wake wa ndugu, kikafika kwa wazee, ambao walikohoa. Nami nikacheka, kwa sauti. Miaka yote ninasimama ubaoni nikifundisha usawa mbele ya sheria na sijawahi kuufundisha hata nusu ya vile.

Aleer alikuwa ameshika mikono ya kochi. Ilichukua muda jambo lile kumwingia, kwa maana mtu aliyezoea kutafsiriwa hachelewi kuzoea kutoelewa.

Mzee mkubwa wa ukoo akasafisha koo. “Umesalimiwa, Aleer,” alisema. “Sote tumeona. Kesho nenda na mtoto.”

*

Aleer alikuja, lakini si kwa wema. Alikuja kwa sababu wazee walikuwa wamesikia ahadi yake. Tulikaa kwenye benchi moja nje ya ofisi ile, yeye akibonyeza simu. Mama alibaki getini; askari alimwambia wageni wangoje nje, na yeye akasema hakuna shida, akajisogeza kwenye kivuli.

Natalina alimtazama Aleer, akanitazama mimi.

“Huyu binti ni nani yako?”

“Ni wetu,” Aleer alisema. “Mtoto wa kaka yangu Kuany. Ni wetu kabisa.”

Akaweka dole gumba. Dakika ile nilisahau kumdharau. Neno lile, *wetu*, nilikuwa nimelingoja tangu siku waliyomfukia baba, na lilipotoka, hata katika mdomo ule, lilinishika. Machozi yalinilenga. Natalina akanipa kitambaa cha karatasi kutoka kwenye droo yake, bila kuinua macho, kama mtu anayewagawia wengi.

Jinsia ikatoka. Mkuu wa shule aliishika, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia vipindi vyangu. Usiku huo Mama aliifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaiweka juu ya kabati. Sikuwahi kuipeleka kuandikisha kura, maana Septemba walitangaza kwamba nchi haijawa tayari, uchaguzi umesogezwa hadi Desemba 2026, na kipindi cha mpito kimeongezwa. Wakati wa kujitayarisha ulikuwa mwingi, ila watayarishaji ndio hao. Semina nazo zikafungwa kwa muda. Nilidhani nimemalizana na baba yangu mdogo, kwamba kila mmoja amepata chake.

Oktoba, Jumamosi moja, gari jeupe refu lilisimama nje ya nyumba yetu Sherikat, likaziba njia ya wauza maji. Akashuka Aleer. Nyuma yake wakashuka wazee wawili, na nyuma yao mwanaume mzito wa nywele zilizopakwa rangi, aliyeshuka kwa kushika mlango. Aleer alimtambulisha kama brigedia. Nikawatolea viti, kwa maana mgeni ni mgeni, nikabaki nimesimama.

“Adit,” alisema Aleer, “mimi nilienda mbele ya serikali nikasema wewe ni wetu. Iko kwa karatasi. Sasa mtoto wetu hawezi kukaa tu hivi, kama mtu hana watu. Brigedia ni mtu wa maana. Anatafuta mke amesoma. Ng'ombe zimeshaonekana, na wazee wameridhika.”

Brigedia alinitazama mara moja, kuanzia chini, akarudi kwenye simu yake.

Kumbe siku ile ofisini hakuwa amenitambua. Alikuwa amejiandikia mali. Nilimwambia kwamba katiba inasema hakuna ndoa bila hiari ya wote wawili, na mimi sina hiari.

Aleer alitabasamu kwa wenzake. “Katiba?” alisema. “Si mimi ndio nilikufundisha.”

Wazee wakacheka kidogo, cheko la watu waliolishwa njiani. Mmoja akasema msichana anayekataa siku ya kwanza ana adabu.

Ndipo Mama akatoka ndani na sinia la maji. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wetu ni wa bati. Aleer alipomwona alijiweka sawa kwenye kiti, akatanua magoti yake, akasogeza kando kiatu cha brigedia ili pawe na nafasi ardhini. Alimnong'oneza kitu, na brigedia akaweka simu mfukoni, akakaa mkao wa kusalimiwa. Wazee nao walitulia. Wote walikuwa wanajua mwanamke huyu anavyosalimu.

Mama akafika mbele yao akasimama. Akamkabidhi kila mmoja bilauri yake, akiwa wima, mgongo umenyooka, kama wanavyogawiwa dawa watu hospitalini. Hakusema umelalaje. Hakuuliza walioko nyumbani. Aleer alishika bilauri bila kunywa, akingoja, macho yakiwa usawa wa mshipi wa Mama.

“Mama Adit,” alisema hatimaye, “magoti ni mgonjwa?”

“Magoti iko sawa,” alisema Mama. Akavuta kiti kilichobaki, akakiweka kati yangu na wao, akakaa.